Likizo ya Siku Tatu katika Gari la Shemeji

Askari arudipo nyumbani baada ya kazi ya mbali, majirani hudhani kwamba safari yake imekwisha. Begi limewekwa chini ya kitanda, viatu vimepigwa rangi, na chai imetengwa mezani. Lakini wake wa askari waliozoea maisha ya kambi za Kampala wanajua kwamba ipo safari nyingine ambayo bado haijaanza, nayo ni ile ya kutoka mlangoni hadi ndani ya nyumba. Safari hiyo haina hati ya amri, na mara nyingi huchukua siku nyingi kuliko ile ya kwanza.

Juma hili ukurasa huu wasimulia habari ya jamaa mmoja wa kambini. Majina yao hayana haja ya kutajwa, kwa kuwa nyumba kama yao ni nyingi. Bwana ni sajini. Alikuwa amerejea kutoka Mogadishu baada ya mwaka mzima, katika kazi ile ambayo askari wa Uganda waliianza mwezi wa Machi 2007. Bibi yake huuza vyakula sokoni, na ndiye aliyeshika nyumba wakati wote huo: karo, kodi ya kibanda, homa za watoto na hesabu zote, ambazo huziandika katika daftari la shule. Watoto ni watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 4.

Huyu mdogo ndiye aliyeleta shauri lote. Kwa kuwa aliwasikia watu wa kambini wakimwita baba yake "Afande", naye alimwita hivyo hivyo. Usiku alipotaka maji, alimruka baba yake kitandani akaenda kumwamsha mama. Sajini alicheka mbele ya wageni, lakini bibi yake aliona kwamba hakucheka wageni walipoondoka.

NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Bibi alikuwa na kaka mwenye gari la abiria, lile la viti 14 ambalo Kampala nzima hulitambua kwa mistari yake ya buluu. Aliomba alipate kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, kwa sharti la kujaza mafuta, kubadili oili na kulirudisha likiwa safi. Kaka alikubali, ingawa alisema kwamba hajapata kusikia mtu akilala katika gari ilhali nyumba anayo.

Kwa hakika jambo hilo si geni duniani. Huko Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilianza kutia vitanda na makabati katika magari ya Volkswagen mwaka 1951, na tangu hapo jamaa wengi wa Ulaya wamezunguka nchi zao pasipo kulipa hoteli. Siku hizi hata Kampala na Entebbe yapo makampuni yanayokodisha magari yenye hema juu ya paa, na wageni huyachukua kwenda mbugani. Kukodi gari la namna hiyo ni ghali kwa mshahara wa sajini. Basi viti vya nyuma vilifunguliwa, fundi seremala akatandaza mbao juu ya masanduku manne, na juu ya mbao likawekwa godoro la nyumbani. Chini ya mbao paliwekwa vyombo. Mapazia yalikuwa kanga mbili za bibi.

Wale wanaotaka kufuata mfano huu hapana budi wazingatie matayarisho yafuatayo, ambayo bibi aliyaandika katika daftari lake:

Kwanza, gari lenyewe. Breki, taa, magurudumu na gurudumu la akiba vikaguliwe na fundi siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Hati ya bima iwe hai, na jeki pamoja na vibao vya kuonya barabarani viwemo.

Pili, maji. Madumu mawili ya lita 20 ya maji yaliyochemshwa yatosha kwa watu watano kunywa na kupikia kwa siku mbili, iwapo ya kuoga yatapatikana kambini.

Tatu, chakula. Maharage yachemshwe nyumbani, kwani kuyachemsha njiani ni kuchoma makaa bure. Chapati, karanga za kukaanga, viazi, ndizi mbivu, chumvi na majani ya chai havina taabu.

Nne, chandarua chenye dawa, dawa za watoto, tochi, na kopo lenye kifuniko kwa haja ya usiku.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: sigiri ya makaa isiingizwe kamwe ndani ya gari lililofungwa, hata ikiwa makaa yaonekana yamekwisha na baridi ni kali. Makaa yanayofifia hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haisikii, naye haamki tena. Sigiri hupikiwa nje, huzimwa kwa maji nje, na hulala nje.

Sajini naye aliandika orodha yake. Ilikuwa na saa za kuondoka, saa za kupumzika, na saa ya kufika. Ilisema kwamba gari litaondoka saa saba kamili za mchana siku ya Ijumaa, na kwamba jamaa watalala usiku huohuo katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, kadiri ya kilometa 240 kutoka Kampala. Bibi aliisoma karatasi hiyo, akaikunja, asiseme neno.

BARABARA YA MASAKA

Gari liliondoka saa tisa. Mvulana alikuwa amechelewa kutoka shule, na msongamano wa Busega ulikula saa nyingine nzima. Sajini hakuwa na furaha. Huko alikotoka, msafara uliochelewa ni msafara ulio hatarini, na mtu aliyezoea hivyo hawezi kubadilika kwa siku kumi.

Hata hivyo barabara hiyo ina mengi ya kumfunza mtoto. Huko Mpambire, karibu na Mpigi, mafundi huunda ngoma kando ya njia, wakiwamba ngozi za ng'ombe juu ya magogo yaliyochongwa, na kazi hiyo hurithiwa kutoka kwa mzazi. Huko Kayabwe, kilometa 70 na kitu kutoka mjini, barabara hukata mstari wa Ikweta, na pande zote mbili zimesimamishwa duara nyeupe za saruji ambamo wasafiri hupigwa picha.

Hapo Kayabwe watu wenye mabeseni humwonyesha msafiri, kwa malipo, kwamba maji huzunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari, na upande wa pili kusini mwake. Wazazi wenye watoto wa shule wapaswa kujua ukweli wa jambo hili. Ni kweli kwamba mzunguko wa dunia hupinda pepo kubwa na dhoruba, zikazunguka kinyume katika nusu mbili za dunia. Lakini nguvu hiyo ni ndogo mno kuweza kuyaongoza maji ya beseni, tena hatua chache tu kutoka kwenye mstari ambapo karibu inatoweka kabisa. Kinachoyazungusha maji yale ni jinsi yanavyomiminwa na mkono wa mwenye beseni. Binti wa sajini alilitazama beseni kwa makini, akasema kwa sauti ya chini kwamba yule bwana huligeuza kidogo kabla ya kuzibua tundu. Baba yake alimtazama kama mtu aliyeona askari mpya mwenye macho mazuri.

Ikweta inalo somo jingine lililo bora zaidi. Kwa sababu ya mahali ilipo nchi hii, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Jua huzama karibu na saa moja za jioni, na giza huja upesi. Msafiri wa Uganda hana jioni ndefu ya kumngoja.

Na jua lilikuwa linakwenda. Walivuka kinamasi cha Lwera, ambako wauzaji huwanyoshea wapita njia samaki wabichi waliotungwa kambani. Wakalipita daraja la Katonga, lile lililoharibiwa na mafuriko mwezi wa Mei 2023 hata magari yakazungushwa kwa njia ndefu ya Sembabule. Walipofika Lukaya ilikuwa imekaribia saa moja. Wauzaji wa kuku wa kuchoma na gonja walikuwa wamekwisha washa taa zao.

NENO LA LUKAYA

Lukaya ni jina linalojulikana na kila askari wa umri fulani. Tarehe 10 na 11 Machi 1979 majeshi ya Tanzania yalipigana hapo na majeshi ya Idi Amin yaliyosaidiwa na Walibya, na vita vile vilifungua njia ya kwenda Kampala. Sajini aliwaeleza watoto habari hiyo huku wakila gonja, na mvulana aliuliza ni nani aliyekuwa upande gani, na kwa nini. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Baada yake sajini alifuta mikono, akatazama saa, akasema kwamba wakiondoka sasa na kwenda moja kwa moja watafika Mburo kabla ya usiku wa manane.

Hapo bibi alitoa ile karatasi iliyokunjwa. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba lango la hifadhi hufungwa jioni, kwamba malori ya mizigo hujaa barabarani usiku, na mengine hukosa taa za nyuma, na kwamba mwaka mzima uliopita yeye hakupata kusafiri na watoto usiku hata siku moja, hata alipofiwa na shangazi yake. "Baba watoto," alisema, "amri zako huko zilikurudisha salama, nami namshukuru Mungu. Amri za huku ndizo zilizowaweka hawa salama."

Watoto walinyamaza. Sajini alisimama kando ya gari kwa muda, akiyatazama malori yakipita. Wasomaji walio katika kazi yake wataelewa kwamba jambo lililokuwa mbele yake halikuwa dogo. Mtu aliyezoea kutii na kutiiwa hana neno jepesi la kukubali shauri la mtu mwingine mbele ya watoto wake. Mwishowe aliuliza, "Masaka pana mahali gani pa kulala?"

Bibi alikuwa amekwisha piga simu. Walilala Masaka, katika ua wa nyumba ya wageni yenye mlinzi, ambako waliruhusiwa kuegesha gari na kutumia choo kwa malipo kidogo. Sajini ndiye aliyefunga chandarua.

SWALA WALIOIPA KAMPALA JINA

Asubuhi ya Jumamosi waliondoka mapema, wakapita Lyantonde katika nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu, wakaingia hifadhini kabla ya jua kuwa kali.

Hifadhi ya Ziwa Mburo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Historia yake haikosi machungu. Wafugaji wengi waliondolewa humo kwa nguvu mwaka huo, na baada ya mabadiliko ya serikali miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya ardhi ilirudishiwa wananchi. Siku hizi sheria hutaka asilimia 20 ya viingilio vya lango igawiwe majirani wa hifadhi. Kwa hiyo mwenye kulipa shilingi tano langoni ajue kwamba moja yaenda kwa jirani. Viwango vya viingilio hubadilika, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Inafaa kuuliza kwa Mamlaka ya Wanyamapori kabla ya kuondoka, na kuchukua vitambulisho vya watu wazima.

Humo hakuna tembo, lakini wako punda milia, nyati, pofu, ngiri na viboko, tena twiga ambao 15 wa kwanza waliletwa kutoka Murchison Falls mwaka 2015. Mnyama mwenye sifa kuliko wote, hata hivyo, ni swala pala. Kwa miaka mingi Mburo ndiyo iliyokuwa hifadhi ya taifa pekee nchini iliyokuwa na swala hao. Yasimuliwa kwamba zamani walikula majani katika vilima vya Buganda ambako Kabaka aliwinda, na kutokana nao kilima kimoja kikaitwa cha "empala", na mji ukaitwa Kampala. Watoto wa Kampala wanatamka jina la mnyama huyo kila siku, na wengi hawajapata kumwona.

Mdogo aliwaona kwanza. Walikuwa kundi zima chini ya migunga, madume yakiwa na pembe zilizopinda kama kinanda, na jike mmoja akiwa na mtoto. Sajini alizima injini. Kwa nusu saa hakuna aliyesema, na hakuna aliyetazama saa.

Askari wa wanyamapori aliyewapokea kambini aliwapa kanuni, nazo ni hizi: kasi isizidi kilometa 40 kwa saa, mtu asishuke garini ila mahali palipoonyeshwa, asitembee kwa miguu pasipo mlinzi mwenye silaha, chakula kisiachwe nje, kwa kuwa nyani, tumbili na ngiri hawana adabu, na gari lisiegeshwe katika njia ya kiboko kwenda majini. Aidha, askari aliye likizoni aache silaha yake ghalani kambini kwake. Mbugani yeye ni raia kama wengine.

Jioni, moto ulipowashwa, mlinzi huyo aliwasimulia hadithi ya jina la ziwa. Zamani walikuwako ndugu wawili bondeni, Kigarama na Mburo. Kigarama aliota kwamba bonde litagharikishwa, akamsihi ndugu yake wahamie kilimani. Mburo alikataa. Maji yalikuja, Mburo akazama, na ziwa likapewa jina lake, na vilima vikapewa la Kigarama. Binti alimtazama mama yake, kisha baba yake. Sajini alikoroga chai, akasema, "Sawa, sawa. Nami nililala Masaka." Wote wakacheka, na yeye alicheka kuliko wengine.

USIKU WA PILI

Usiku kiboko alitoka ziwani kula majani. Mnyama huyu huwa na uzito wa tani moja na zaidi, tena hukimbia upesi kuliko mtu, lakini asipozuiwa njia yake hana haja na gari. Sauti ya kung'oa majani ilikuja karibu kabisa, pamoja na pumzi nzito. Sajini aliketi wima kwa ghafula, mkono wake ukitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Bibi aliusikia mwendo huo, kwa kuwa aliusikia kila usiku tangu arudi. Alimwekea mkono mgongoni, akanong'ona kwamba ni kiboko tu, na kwamba kwenye orodha ameandikwa.

Wakakaa hivyo wakisikiliza. Baada ya kitambo mdogo aliamka akihitaji kopo. Alikuwa katikati yao, na giza lilikuwa kubwa. Safari hii hakumruka mtu. Alimvuta baba yake sikio, akamwambia ana mkojo, na kwamba asiwashe tochi kiboko asije akaamka. Sajini alilishika kopo kwa utulivu mkubwa, akalifunika, akamlaza mtoto kifuani pake. Hakulala tena hadi alfajiri, lakini asubuhi hakulalamika.

KURUDI

Jumapili waliondoka mapema, wakakunja Masaka kwenda ziwa Nabugabo, kando ya njia ya Bukakata ambako feri huvuka kwenda visiwa vya Ssese. Nabugabo ni ziwa dogo lililotengwa na ziwa kubwa la Nalubaale kwa ukingo wa mchanga maelfu ya miaka iliyopita, na wamo samaki wadogo wasiopatikana popote pengine duniani. Nchi hii haina bahari, bali pwani inayo, na watoto walicheza mchangani hadi wakachoka. Wazazi wakumbuke kwamba katika fukwe nyingi za maziwa yetu upo ugonjwa wa kichocho. Yafaa kuuliza wenyeji na wahudumu wa afya kabla ya kuoga, na mtoto aliyeingia majini apimwe iwapo ataona damu katika mkojo au choo, au kuumwa tumbo siku za baadaye. Dawa yake ipo, na hutibu vizuri ikiwahi.

Saa nane mchana sajini mwenyewe ndiye aliyesema kwamba yafaa kuondoka, ili jua lisiwakute barabarani. Walifika Kampala kungali mchana. Godoro lilirudishwa kitandani, viti vikafungwa mahali pake, na gari likaoshwa na watoto.

Usiku ule bibi alifungua daftari apige hesabu. Mafuta na oili ndivyo vilivyokula fedha nyingi, vikifuatwa na viingilio vya lango. Chakula hakikuzidi sana kile ambacho wangalikula nyumbani. Alipomaliza kujumlisha, sajini aliomba kalamu. Chini ya jumla aliandika tarehe ya likizo yake ijayo, na mbele yake akaacha nafasi tupu ya saa ya kuondoka, ili aijaze bibi.